ATAKAYE KIKOSI MAALUMU AJIPIME KWANZA

Hakuna kambi ya jeshi wala kituo cha polisi kisichokuwa na kijana anayetamani kuvaa bereti ya kikosi maalumu. Tamaa hiyo si mbaya. Jeshi ambalo vijana wake hawatamani kazi ngumu ni jeshi lililokwisha kuzeeka. Lakini tunapowasikiliza vijana hao tunaona kuwa wengi wana maswali mawili tu. La kwanza: nitapitaje katika mchujo? La pili: nikishapita, nichague kazi gani? Ni maswali ya haki, ila aghalabu huulizwa siku chache kabla ya safari, wakati ambapo jibu halimfai tena mwulizaji. Maji yakishafika shingoni si wakati wa kujifunza kuogelea. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuyajibu leo, mapema, kwa faida ya askari wa jeshi na polisi wasomao ukurasa huu.

Kwanza inafaa ifahamike kikosi maalumu ni kitu gani. Wako wanaodhani kuwa ni kundi la watu wenye misuli mikubwa na silaha ngeni. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1941, katika vita vya Afrika ya Kaskazini, afisa mmoja kijana wa Uingereza, David Stirling, aliunda kikosi kidogo kilichoitwa SAS. Shabaha yake ilikuwa kuharibu ndege za Wajerumani na Waitalia zikiwa bado chini uwanjani. Watu wake walikuwa mashujaa kweli kweli, nao walijifunza kuruka kwa miavuli. Mwezi wa Novemba mwaka huo walirushwa usiku penye dhoruba ya upepo na mchanga. Upepo ukawatawanya jangwani, vifaa vikapotea, na chini ya nusu yao ndio waliorudi. Hawakuharibu ndege hata moja.

Baada ya msiba huo walifanya nini? Hawakutafuta watu wenye misuli mikubwa zaidi. Walikwenda kwa kikosi kingine cha doria ya jangwani, ambacho watu wake walikuwa madereva hodari na mafundi wa kutafuta njia kwa kutazama jua na nyota. Madereva wale waliwapeleka hadi karibu na viwanja vya ndege na kuwarudisha. Kabla ya mwaka 1941 kwisha, ndege nyingi za adui zilikuwa zimeteketezwa. Ushujaa ulikuwapo tangu mwanzo. Ulipata faida pale ulipokutana na dereva na msoma njia. Kijana anayedharau udereva na ramani na akumbuke habari hii.

Sisi wa Uganda tunalo pia somo lililotufikia nyumbani, nalo ni chungu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, wakati wa utawala wa Idi Amin, makomando wa Israeli walitua Entebbe kwa ndege nne za mizigo baada ya safari ya kiasi cha kilometa 4,000, wakawachukua mateka waliokuwa wamefungiwa katika jengo la zamani la uwanja. Makumi ya askari wa Uganda walipoteza maisha. Kamanda wa kundi lililovamia jengo, Yonatan Netanyahu, naye aliuawa. Hatulikumbuki tukio hilo kwa kuwasifu waliotuvamia, wala kwa kuwacheka askari wetu waliokufa wakiwa kazini chini ya utawala uliowaingiza katika jambo lisilokuwa lao. Tunalikumbuka kwa kuwa askari hujifunza hata kwa yule aliyempiga.

Somo lenyewe ni hili. Waliovunja mlango wa jengo lile walikuwa sehemu ndogo tu ya watu waliokuja. Wengine walikuwa marubani waliotua gizani, waganga waliosubiri majeruhi, watu wa mawasiliano, na askari waliolinda ndege na njia ya kurudi. Tena kabla ya kuondoka kwao walikuwa wamefanya mazoezi ya shambulio hilo, kila mtu akijua pahala pake. Lau mmoja wa hao asingeijua kazi yake, wale wa mlangoni wasingefika mlangoni.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza, la kujiandaa.

Mchujo wa vikosi hivi unafanana karibu duniani kote. Huko Lympstone, Uingereza, wanakofundishwa wanamaji makomando, moja ya mitihani ya mwisho ni mwendo wa maili 30, yaani kilometa zipatazo 48, juu ya vilima vya Dartmoor. Kuruta hupewa saa 8, na afisa saa 7, naye amebeba shanta na bunduki. Wako pia Wamarekani wa bereti za kijani, ambao mchujo wao hufanyika Camp Mackall, North Carolina, na hudumu kwa muda wa majuma kama matatu. Huko mtu hutembea peke yake porini, mchana na usiku, kwa ramani na dira, mgongoni ana mzigo, na mara nyingi haambiwi safari ni ya urefu gani wala amepewa muda gani. Wakufunzi hawampigii kelele. Humtazama tu na kuandika. Wanataka kumjua mtu huyo ni nani wakati hakuna anayemhimiza.

Basi matayarisho huanzia miguuni. Askari anayeweza kunyanyua chuma kizito lakini nyayo zake zina malengelenge baada ya kilometa 10 hatafika mbali. Buti zivunjwe ugumu wake miezi kabla, si juma moja kabla. Soksi kavu ziwemo katika shanta siku zote. Mzigo uanze mwepesi na uongezwe kidogo kidogo, kila baada ya majuma, wala si kila siku. Kwani mfupa huchelewa kuzoea kuliko moyo na mapafu. Vijana wengi hodari wamevunjika mfupa wa muundi kwa sababu ya kutaka kufanya katika mwezi mmoja kazi ya miezi sita. Pamoja na mwendo wa mizigo ziwepo mbio, kamba, kujisukuma kwa mikono na kujivuta juu ya mti. Na kuogelea. Nchi yetu ina ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lakini wako askari wengi waliolelewa mbali na maji ambao hadi leo huogopa kuyaingia. Hofu hiyo haiponi kwa siku moja. Iponywe sasa, chini ya mtu anayejua, wala si kwa kujitupa peke yako ziwani.

Jambo la joto tunalisema kwa mkazo, kwa sababu linaua. Mwezi wa Julai 2013, katika milima ya Brecon Beacons huko Wales, askari watatu wa akiba walikufa kutokana na mwendo wa mchujo wa SAS uliofanyika siku ya joto kali. Hawakuuawa na adui. Mwaka 2015 uchunguzi wa vifo vyao ulionyesha kwamba uzembe wa waliosimamia ulichangia. Ikiwa joto la Wales liliweza kuua vijana wenye afya, na tujiulize joto la kwetu, na la Somalia, lina nguvu gani. Askari anayeanza kuyumba, kusema maneno yasiyo na maana, au kukasirika bila sababu katikati ya mwendo si mvivu. Ni mgonjwa, na ubongo wake unachemka. Avuliwe mzigo, awekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na aitiwe mganga upesi. Mkufunzi anayemcheka mtu wa namna hiyo anacheza na roho ya mtu. Naye askari anayeficha dalili zake kwa kuona haya anajidanganya mwenyewe na kuwadanganya wenzake.

Matayarisho ya kichwa ni nusu ya kazi. Kijana ajue kusoma ramani hata asipoamka vizuri. Ajue kupima umbali kwa hatua zake, kutumia dira gizani, na kuandika taarifa fupi ambayo mkubwa wake ataielewa bila kuuliza mara ya pili. Ajifunze hesabu, maana baruti, dawa na shabaha ya masafa marefu vyote vinatumia hesabu. Na ajifunze lugha. Tangu mwisho wa Novemba 2021 majeshi yetu yaliingia mashariki ya Kongo pamoja na majeshi ya nchi hiyo kuwasaka waasi wa ADF. Wananchi wengi wa Ituri na Kivu ya Kaskazini wanasema Kiswahili. Askari anayeweza kumsalimu mzee wa kijiji kwa heshima, akamwita baba au mama na kumsikiliza mpaka mwisho, hupata habari ambazo mwenye bunduki peke yake hazipati. Kwa hiyo asiyejali lugha hii ameacha silaha moja bohari.

Swali la pili ni la kuchagua kazi. Hapa ndipo tunapoona makosa mengi zaidi.

Ukiwauliza vijana kumi wanataka kuwa nani katika kikosi maalumu, wengi watajibu: mlenga shabaha wa masafa marefu, au askari wa miavuli. Ni wachache watakaosema mganga, na ni wachache zaidi watakaosema mtu wa simu ya upepo. Sababu ni picha za sinema. Tuangalie basi mpango wa watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Kundi la msingi la bereti za kijani za Marekani ni watu 12. Yuko kapteni, na msaidizi wake ambaye ni afisa mteule. Yuko sajini wa operesheni na sajini wa upelelezi. Kisha wako mafundi wawili wa silaha, wahandisi wawili, waganga wawili na mafundi wawili wa mawasiliano. Kila ufundi una watu wawili ili kundi liweze kugawanyika mara mbili, sita huku na sita kule, na ili mmoja akifa ufundi wake usizikwe pamoja naye. Tena kila mmoja hufundishwa sehemu ya kazi ya mwenzake. Na katika mafundi hao wote, anayesoma kwa muda mrefu kupita wenzake si yule wa silaha. Ni mganga, ambaye mafunzo yake hupita mwaka mmoja.

Wamefanya hivyo kwa sababu iliyo wazi. Kumwagika damu ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya vitani ambavyo vingeweza kuzuiwa. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache tu, na helikopta haiwezi kufika kwa dakika hizo. Anayefika ni mwenzake aliye hatua tano, mwenye mkanda wa kukaza na anayejua kuufunga juu ya jeraha mpaka damu isimame. Kundi lenye walenga shabaha sita na lisilo na mganga ni kundi la marehemu watarajiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa wahandisi. Jeshi letu lilitangulia kufika Mogadishu mwezi wa Machi 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Waliotumikia huko wanajua kwamba adui hakuwangoja kila siku uso kwa uso. Alifukia mabomu barabarani, akakaa mbali kutazama. Mtu aliyeokoa msafara ni yule aliyeuona udongo uliochimbuliwa upya, au waya usio na sababu ya kuwapo pale. Kazi hiyo haimtaki mwenye pupa. Inamtaka mtu mtulivu ambaye hufanya jambo lile lile kwa utaratibu ule ule kwa mara ya elfu, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Hatusemi kwamba kazi ya mlenga shabaha haina maana. Tunasema ieleweke. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kulala kifudifudi kwa saa nyingi, akiumwa na siafu, akitazama na kupeleka habari. Anaweza kumaliza siku tatu bila kufyatua risasi, na akawa amefanya kazi kubwa kuliko aliyefyatua mia. Anayeipenda kazi hiyo kwa ajili ya kuua hafai, maana moyo wake utatangulia kabla ya amri.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuchagua na ajiulize mambo matatu. Mikono yangu inajua nini tayari? Aliyekua akitengeneza redio na baiskeli kijijini asiende kushindana na mwindaji katika kulenga. Aende kwenye mawasiliano, ambako kipaji chake kinangojwa. La pili: nikichoka kabisa, nikiwa na njaa na usingizi, ni kazi gani ambayo bado naweza kuifanya bila kukosea? Kwa maana kila mtu ni hodari asubuhi akiisha kunywa chai. La tatu: kikosi kinakosa nini? Askari hachagui kama mtu anayenunua kanzu sokoni. Anachagua kwa ajili ya wenzake watakaomtegemea. Ukiwa umependa kazi moja, na wakubwa wakakupa nyingine baada ya kukupima, usione umeonewa. Mara nyingi aliyesimama pembeni huona kipaji ambacho mwenyewe hakioni.

Ndugu zetu wa polisi wasidhani kwamba maneno haya si yao. Baada ya maafa ya michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Ujerumani ya Magharibi iliunda kikosi maalumu kinachoitwa GSG 9, nacho hakikuwa cha jeshi bali cha polisi. Tarehe 18 Oktoba 1977 kikosi hicho kiliingia katika ndege iliyotekwa nyara, iliyokuwa imesimama Mogadishu. Askari wa Somalia waliwasha moto mbele ya ndege ili kuwavuta macho watekaji, na wale polisi wakaingia kwa milango. Mateka wote waliokuwamo walitoka hai. Kipimo cha polisi wa kikosi maalumu ndicho hicho: ni wangapi wameokolewa, wala si wangapi wameanguka. Mlango ukivunjwa na raia asiye na hatia akafa, kazi imeharibika hata kama mhalifu naye amekufa.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko mbio na mizigo. Mtu aliyefundishwa kuua kwa ufundi lazima awe chini ya sheria zaidi ya mtu mwingine, si juu yake. Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 208, inasema majeshi yawe ya kitaifa, yenye nidhamu, yasiyofuata chama, na yaliyo chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 212 kinawapa polisi kazi ya kulinda maisha na mali ya watu. Na kifungu cha 44 kinakataza mateso kwa namna isiyokuwa na ruhusa yoyote, hata wakati wa hatari. Bereti haifuti vifungu hivyo. Wazee wa nchi hii wanakumbuka nyakati ambapo vikosi vilivyoitwa maalumu viliogopwa na mwananchi kuliko jambazi. Kijana anayetaka bereti ili aogopwe mtaani na akae nyumbani, hatumhitaji. Tunamhitaji yule ambaye mama mwenye duka akimwona hufungua mlango badala ya kuufunga.

Kwa wakubwa wetu wa vikosi tunalo neno la heshima. Afande anayemficha askari wake bora ili asimpoteze anaidhulumu nchi. Naye anayempeleka kwenye mchujo ndugu yake au mtoto wa rafiki yake, hali anajua hafai, anatenda kosa kubwa zaidi. Upendeleo katika ofisi huleta kazi mbovu, lakini upendeleo katika kikosi maalumu huleta maiti. Tena anayekufa mara nyingi si yule aliyependelewa, bali yule aliyekuwa anamtegemea. Mchujo uwe mmoja kwa wote, na anayeshindwa arudi, awe nani awe nani.

Na anayerudi asidhihakiwe. Katika vikosi hivi, mahali pote duniani, wengi wanaojaribu hawapiti, na wengi wao ni askari wazuri. Waliojiandaa kwa mwaka mzima wakashindwa siku ya mwisho wanarudi katika kikosi chao wakijua ramani, tiba na mwendo kuliko walivyokwenda. Kombania inayopata watu kama hao imefaidika. Vita vingi havishindwi na watu wachache wenye bereti. Hushindwa na askari wa kawaida aliyefundishwa vema, anayelinda zamu yake usiku bila kulala.

Tunamalizia kwa kurudi pale tulipoanzia. Kijana anayetaka kwenda asingoje tangazo libandikwe. Leo jioni, baada ya kazi, avae buti zake, atie mzigo mdogo katika shanta, atembee kilometa tano, na akirudi afungue daftari la hesabu au asome ramani kwa saa moja. Kesho apumzike, kesho kutwa atembee tena. Baada ya mwaka mmoja wa kufanya hivyo bila kusimamiwa na mtu, atakuwa amekwisha kujua kama anafaa au hafai, kabla mkufunzi hajamwona. Mchujo wa kweli ni huo.